Kifuta Jasho cha Wapagazi wa Kibirizi

Buzebazeba, Ujiji,
9 Machi 1997

Mwanangu Edina,

Shikamoo yako imefika ndani ya bahasha, nami nakuitikia marahaba kutoka huku ziwani. Msalimie sana mumeo Oswald, na wajukuu zangu uwashike vichwa kwa niaba yangu. Huku mvua inanyesha kila alasiri, dagaa hawakauki vizuri pale ufukweni Kibirizi, na mji unanuka kuliko unavyoukumbuka. Afya yangu ni ya umri wangu. Goti la kushoto linalalamika kwenye kila kilima, na Kigoma, kama unavyojua, ni vilima vitupu. Presha imetulia. Usingizi huja unapotaka wenyewe. Zaidi ya hapo sijambo, na ninaomba nanyi huko Tabora muwe hivyo au zaidi.

Barua yako ina maswali mawili. Unasema umepata uhamisho kwenda Morogoro, na vyombo vyenu vitabebwa na watu wa kukodi, kutoka nyumbani hadi stesheni na huko mbele tena kutoka stesheni hadi nyumbani. Unataka kujua adabu ya kuwapa wapagazi kitu cha shukrani: kitolewe lini, kiwe kitu gani, kiwekwe mkononi mwa nani. Unasema mama yako angekuwa hai ungemwuliza yeye. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba mmeonyeshwa nyumba mbili, moja ina vyumba viwili na nyingine vitatu, mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na chumba cha tatu kingekuwa changu. Swali hilo la kuja kukaa nanyi umeniuliza katika kila barua tangu tulipomzika mama yako, nami kila mara nimekujibu kwamba ninyi hangaikeni na yenu, mimi hapa nina watu.

Nitaanza na wapagazi. La nyumba nitalijibu, safari hii sitalikwepa, lakini utaona kwamba halijibiki bila hili la kwanza.

Ujue kwanza kwamba uliyemwuliza si bingwa. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa forodha pale bandarini, na mtu wa forodha hufundishwa kuogopa kila kitu kinachotoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine bila stakabadhi. Chai, zawadi, asante, mkono wa heri, kwetu yote yalikuwa na harufu moja. Kwa hiyo nilistaafu bila kujua kupokea wala kutoa. Mama yako alikuwa akinicheka, akisema ninajua kufungua sanduku la mtu nisiyemjua ila mfuko wangu mwenyewe umenishinda. Kila tulipohama nyumba yeye ndiye aliyewashughulikia wapagazi, nami nilijifanya nahesabu viti.

Nilichokijua nilikiokota kwake. Alikuwa akisema ujira na kifuta jasho ni vitu viwili, na mtu asivichanganye. Ujira mnapatana kabla mzigo haujainuliwa, na ni haki ya mtu hata kama umemchukia. Kifuta jasho hakipatanwi. Ukikichanganya na ujira, mpagazi atadhani umekosea hesabu, na badala ya kukushukuru atakuonea huruma. Chakula nacho si kifuta jasho. Mtu aliyebeba kitanda chako ni lazima ale kwako, chakula cha moto, na mwenye nyumba asimame karibu au, bora zaidi, akae ale nao. Kikivunjika chombo, zungumzeni kwenye ujira. Kifuta jasho hakikatwi kwa ajili ya sahani. Na nguo kuukuu usitoe siku hiyo. Zitoe siku nyingine, kwa njia nyingine, kwa sababu mtu akishabeba kabati lako halafu ukampa shati lililotatuka, ni kama umemwambia kwamba vizuri vyako amekwisha kuvibeba, sasa abebe na vibovu.

Kitu chenyewe kwa mama yako kilikuwa fedha kidogo pamoja na sabuni. Alinunua mche mzima, akaukata kwa uzi ili vipande vilingane, maana kisu hupendelea upande mmoja. Kiasi cha fedha sikutajii. Morogoro si Kigoma, na mwaka huu si mwaka jana. Ukifika, mwulize mama wa nyumba ya jirani, tena mwulize kabla hujahamia, wakati bado anataka kukufahamu. Fedha iwekwe mkononi mwa kiongozi wao, mbele ya wenzake wote, na utamke kwa sauti kwamba ni ya wote, ili njiani asije mmoja akawa mkubwa zaidi.

Sasa liko jambo la huku kwetu, nalo ulikuwa mdogo mno kulitambua. Wapagazi wa Kibirizi wakishatua mzigo wa mwisho hawadai, na pia hawaondoki. Wanavua ngata vichwani, wanakaa barazani, wanaongea habari za samaki. Kuomba kwao ni aibu. Kuondoka bila kupewa ni tusi, ni kama kutangaza kwamba nyumba ile haina mtu ndani. Ukiwapa, kiongozi anapokea kwa mikono miwili, anaitakia nyumba amani, kisha wanainuka wote pamoja na kwenda. Wala usiwabembeleze wabaki, kwa sababu kuanzia hapo si wafanyakazi wako tena, na wageni wako hawajawa.

Hayo yote niliyajua kwa kuyaona. Kuyafanya kwa mikono yangu nimelazimika mwezi uliopita.

Nilikuandikia kwa kifupi kwamba nimehama mtaa wa Mwanga. Sababu sikuieleza. Tangu watu walipoanza kuvuka kwa wingi kutoka Zaire na Burundi, mashirika ya misaada yamejaa hapa mjini, na kila shirika linataka nyumba yenye ua wa kuegesha magari. Mzee Vedasto, mwenye nyumba yetu, alikuja na kofia mkononi. Alianza kwa kumsifu marehemu mama yako, nami nikajua kuna jambo. Wageni walikuwa wamempa kodi ya mwaka mzima kwa dola. Sikumlaumu. Ana watoto wa kusomesha, na mimi nililipa kodi ileile kwa muda mrefu hadi ikawa kama sadaka yake kwangu. Akanisaidia hata kupata hii nyumba ndogo ya huku Buzebazeba. Alipokuwa anaaga alinishauri nisijisumbue na mambo ya kifuta jasho, kwa kuwa siku hizi wabebaji wamezidi, mtu anakubeba wewe na kitanda chako kwa sahani ya ugali, na akishashiba anakuuliza kama kuna kingine. Alisema kweli. Ndiyo sababu sikufuata ushauri wake. Nilihisi mama yako yuko nyuma ya mlango anasikiliza nitajibu nini.

Nikaenda Kibirizi asubuhi, mitumbwi inashusha dagaa, nikamwulizia kiongozi mmoja anayeitwa Gervasi. Ni Muha wa Simbo, kwa akina mama yako, mtu wa maneno mengi. Zamani alikuwa kuli bandarini na alinitambua mara moja. Akawaambia wenzake waje wamtazame Bwana Forodha, leo vyake ndivyo vinatoka. Alikuja na watu wawili na mkokoteni mmoja. Wa kwanza ni Feliksi, mnene, ambaye hulalamika akiwa amebeba na huimba akiwa hana kitu. Wa pili ni Nikodemu, mtu mwembamba aliyetoka ng'ambo, Mrundi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuchagua neno moja moja kama anayevuka mto juu ya mawe.

Tulipoanza kutoa masanduku, Gervasi alisimama mbele yangu mlangoni, akanyoosha mkono kama nilivyokuwa nikifanya mimi, akaniuliza kwa sauti nzito kama mzee ana kitu chochote cha kulipia ushuru. Feliksi alicheka hadi akatua kiti. Nami nilicheka, Edina. Nikasikia sauti yangu ikicheka ndani ya nyumba tupu, nikashangaa kwamba bado inafanya kazi.

Kabati la vyombo la mama yako ndilo lililowatesa. Unalijua, lile la mninga. Feliksi alidai kwamba aliyelichonga alikuwa na ugomvi na wapagazi wote duniani. Njia nzima kutoka Mwanga hadi huku nilitembea nyuma ya mkokoteni, na Gervasi akiwatangazia waliokuwa njiani kwamba wapishe, serikali inahama.

Tulifika saa sita. Kufikia saa nane kila kitu kilikuwa ndani. Wakavua ngata zao, wakakaa barazani, kama nilivyokueleza. Fedha nilikuwa nimeziweka mfukoni tangu alfajiri, na sabuni nimekwisha kuikata kwa uzi. Nikatoka kuwapa. Kabla sijawapa nikawaomba kwanza wanisogezee kabati, maana ukuta ule niliuona una unyevu. Walilisogeza. Nikapika ugali na samaki wa migebuka, tukala pamoja sote wanne kwenye mkeka, na mawese niliyatia mengi kupita kiasi kama kawaida yangu. Baada ya kula nikaona kabati linaziba mwanga wa dirisha. Walilisogeza tena. Alasiri mvua ilipopita nikaona heri lirudi ukuta wa kwanza. Gervasi aliniambia kwamba kabati hili leo limetembea kuliko wakimbizi, kisha akamwomba Nikodemu radhi. Nikodemu alijibu kwamba kabati lina bahati, kila linapofika linakuta mwenyeji.

Katika kukaa kule barazani ndipo Nikodemu alipozungumza. Alisema walivuka wengi mno katika mtumbwi mmoja, na nauli ilikuwa vitenge vya mke wake na redio. Walipofika karibu na nchi kavu mtumbwi ulikataa kusogea zaidi, na mama yake hana miguu ya kukanyaga maji. Akatokea mtu wa hapa, akaingia ziwani bila kuitwa, akampandisha yule bibi mgongoni, akamtua mchangani, akaondoka kabla Nikodemu hajamaliza kuwavusha watoto. Yeye Nikodemu hakuwahi kumpa hata urakoze, ambayo kwa Kirundi ni asante. Ndiyo maana, alisema, amechagua kubeba mizigo Kibirizi na si kulima mashamba ya watu, kwa sababu anaamini siku moja atamwona yule mtu. Feliksi alimwuliza atamtambuaje. Akasema alimwona mgongo tu. Gervasi akasema basi pale Kibirizi ana kazi, kwa kuwa migongo ndiyo mali yetu pekee, na wote watatu wakacheka, yeye Nikodemu zaidi.

Jua lilikuwa linazama upande wa Zaire nilipotoa kifuta jasho. Gervasi alipokea kwa mikono miwili, nikatamka kwamba ni ya wote watatu sawasawa, wakagawana sabuni. Nikodemu akasema amahoro, yaani amani, na Gervasi akaitakia nyumba usingizi mwema. Wakainuka papo hapo, kama ilivyo desturi. Feliksi alianza kuimba kabla hawajafika barabarani. Nilisimama nikausikiliza wimbo ule hadi ukaisha, kisha nikaingia ndani, nikakaa mbele ya kabati.

Mwanangu, hapa ndipo ninapokuja kwenye lile nililokuahidi, nami naomba unisome bila kunikatiza, ingawa najua barua haikatizwi.

Ukuta haukuwa na unyevu. Kabati halikuziba dirisha lolote, dirisha liko upande mwingine. Kila nilipotia mkono mfukoni nitoe zile fedha nilikumbuka kwamba nikishazitoa wataondoka, na nikautoa mkono mtupu. Niliwaweka barazani tangu saa nane hadi jua kuzama, watu waliokuwa na wake na watoto wanaowangoja, kwa sababu desturi yao haiwaruhusu kudai wala kuondoka. Watu ninaokuandikia kwamba ninao hawapo. Tangu mama yako afariki, mtu wa mwisho kula nami kabla ya siku ile alikuwa wewe, ulipokuja matanga.

Wala sikukomea hapo. Wiki iliyofuata nilishuka tena Kibirizi nikamwambia Gervasi kwamba kabati linatakiwa chumbani. Walikuja, wakalipeleka, tukala, tukaongea. Wiki iliyofuata nikawaita walirudishe sebuleni. Kila mara niliwalipa ujira, na kila mara kifuta jasho nilikichelewesha. Jumanne iliyopita nilikwenda tena. Safari hii alikuja Gervasi peke yake. Feliksi alikuwa na kazi, na Nikodemu alikuwa amepelekwa kambini upande wa Kasulu pamoja na mama yake na watu wake wote. Aliondoka, Gervasi aliniambia, bila kumpata mtu wake.

Gervasi aliniuliza mzigo uko wapi. Nilikuwa sijaufikiria vizuri. Nikamwonyesha kisanduku cha magazeti ya zamani, nikamwambia kitoke chumbani kije barazani. Alikiinua kwa mkono mmoja, akakileta, akakaa. Nikaona haya. Nikatoa kile kidogo mfukoni, upesi safari hii, nikamnyooshea.

Hakufungua mikono. Aliniambia niweke, mzee, na akanifumba vidole vyangu. Alisema kule ufukweni wamekwisha kunipa jina, Mzee wa Kabati, na Feliksi anawaambia watu kwamba siku yake ikifika wamzike ndani ya kabati hilo maana wameshazoeana. Hayo ni utani, alisema, hayamsumbui. Ila kifuta jasho cha kazi ambayo hata paji la uso halikuloa hawezi kupokea, kwa sababu akipokea leo, kesho atakuja kwangu kama mtu anayekwenda kwa mjinga, na yeye hataki kuniendea hivyo.

Kisha akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye, muuguzi, yuko Tabora. Akauliza kama tumegombana. Nikasema hapana, kila barua ananiita. Akauliza kama mkwe wangu ni mlevi. Nikasema hata bia hajui ladha yake. Gervasi alikuna kichwa, akasema basi yeye haelewi hili kabati linatafuta nini humu ndani. Akaniaga, akaenda zake kuwahi mitumbwi.

Nimekaa na maneno hayo tangu Jumanne. Nimekuwa nikikuambia siwezi kuliacha kaburi la mama yako kule Simbo. Ukweli ni kwamba ndugu zake wanalitunza kuliko mimi, na mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta wamelipalilia na kupanda maua, nikabaki nimeshika jembe nisijue pa kulipiga. Nilichokiogopa ni kwamba nikikiri niko peke yangu utanichukua kwa huruma, nami nimezoea kuwa mtu anayesimama mlangoni akiwaruhusu wengine wapite. Ila huruma yako, nikiipima sasa, si mbaya kuliko kumkodi mtu mwenye familia yake aje anisikilize.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili. Mwambieni mwenye nyumba mnachukua ile ya vyumba vitatu. Mvua zikipungua nitapanda treni. Kabati nitawapelekea akina mama yako Simbo, na Gervasi na Feliksi ndio watakaolibeba, mzigo halali, na ujira wao na kifuta jasho chao nitatoa mara tu watakapolitua. Nitakuja na masanduku mawili tu. Na kama hamjagawana vyumba bado, msinipe kile kikubwa cha nyuma mnachodhani mzee atapenda kwa utulivu. Nipeni kile kilichopakana na jiko, nisikie mkiongea.

Nawatakia safari njema ya Morogoro na makao yenye heri. Wajukuu wasilale kabla ya kusomewa salamu zangu, na Oswald umwambie namshukuru kwa subira yake. Mungu awalinde nyote hadi tutakapoonana.

Ni mimi baba yako,

Leodgar